La verbena de la Paloma: saa moja ya jukwaani iliyoziacha nyuma opera za mtunzi wake

Tomás Bretón alikuwa mtu wa opera. Alizaliwa Salamanca mwaka 1850 katika familia maskini, akaanza kujitafutia riziki kwa fidla angali mtoto, akasoma Madrid, baadaye akapata nafasi ya kwenda Roma. Maisha yake yote ya utu uzima alipigania jambo moja, kwa hotuba, kwa makala na kwa nota: Hispania nayo iwe na opera yake yenyewe, isiishi kwa kukopa za Waitaliano. Mwaka 1889 alifanikiwa kupandisha Los amantes de Teruel katika Teatro Real ya Madrid baada ya miaka ya mvutano, na mwaka 1892 akapeleka Garín Barcelona. Leo kazi hizo husomwa vitabuni zaidi ya kusikika. Jina lake linaishi midomoni mwa watu wa Madrid kwa sababu ya kazi nyingine kabisa, igizo la saa moja na ushei lililoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 17 Februari 1894 kwenye Teatro Apolo. Igizo hilo linaitwa La verbena de la Paloma, yaani sherehe ya usiku ya Bikira wa Paloma.

Wengi hulisimulia jambo hili kama mzaha wa historia: mzee wa mambo makubwa akakumbukwa kwa kadogo. Mimi naliona kinyume. Kilichofanya saa ile moja idumu ni opera iliyokuwa ndani ya Bretón, na kilichoifanya opera hiyo ikae sawa ni ile saa moja aliyopewa. Ili hoja hiyo ieleweke, inabidi kwanza tufumbue mambo mawili matatu yanayomchanganya mgeni anapoingia katika ulimwengu wa zarzuela.

Zarzuela ni mchezo wa kuigiza wa Kihispania ambamo maneno ya kawaida na nyimbo hupokezana. Wahusika huzungumza, hugombana, hutaniana, kisha okestra huingia na mambo hugeuka muziki. Katika karne ya 17 ilikuwa burudani ya wafalme, na mshairi Calderón de la Barca alikuwa miongoni mwa waliomwandikia mfalme Felipe IV michezo ya namna hiyo. Baadaye opera ya Kiitaliano ilitawala, zarzuela ikafifia. Katikati ya karne ya 19 kundi la watunzi vijana likaifufua. Francisco Asenjo Barbieri alipata ushindi mkubwa mwaka 1851 kwa Jugar con fuego, mchezo wa vitendo vitatu ulioandikwa na Ventura de la Vega, na tarehe 10 Oktoba 1856 watunzi hao wakafungua jumba lao wenyewe, Teatro de la Zarzuela, ambalo bado lipo na bado linafanya kazi ileile. Hiyo ndiyo zarzuela kubwa: vitendo vitatu, jioni nzima, mavazi mengi, gharama nyingi.

Gharama hizo ndizo zilizoleta mageuzi. Mwishoni mwa miaka ya 1860 uchumi wa Hispania ulikuwa mashakani, na mwaka 1868 mapinduzi yalimng'oa Malkia Isabel II. Katika siku hizohizo waigizaji watatu wa vichekesho, José Vallés, Antonio Riquelme na Juan José Luján, walianzisha mtindo mpya mjini Madrid. Badala ya kumuuzia mtazamaji tiketi ya jioni nzima, walimuuzia ya saa moja. Mchezo mfupi mmoja, kisha watu wanatoka, wengine wanaingia, mchezo mwingine unaanza. Kwa usiku mmoja zilipatikana awamu nne. Fundi seremala, mtumishi wa nyumbani, karani, kila mmoja aliweza kumudu walau awamu moja, na mwenye uwezo alinunua zote.

Mtindo huo uliitwa maonyesho kwa saa, na michezo iliyozaliwa humo ikapewa jina la género chico, yaani aina ndogo. Jina hilo limewapotosha watu wengi. Udogo unaotajwa ni wa muda tu: kitendo kimoja. Mwanzoni mingi ya michezo hiyo haikuwa na muziki wa maana, lakini mwaka 1880 La canción de la Lola ilionyesha kwamba wimbo mzuri hujaza viti, na mwaka 1886 La Gran Vía ya Federico Chueca na Joaquín Valverde ikavuka mipaka ya Hispania. Mwanafalsafa Mjerumani Nietzsche aliisikia Turin mwaka 1888 na kumwandikia rafiki yake kwa furaha juu ya wimbo wa wezi watatu uliomo.

Mwandishi wa La canción de la Lola alikuwa Ricardo de la Vega, mwana wa yule Ventura wa Jugar con fuego. Baba aliipa zarzuela kubwa maneno yake ya kwanza yenye mafanikio, na mwana akafanya vivyo hivyo kwa ile ndogo. Ricardo alikuwa na sikio kali kwa lugha ya mitaani. Wahusika wake huongea Kihispania cha vichochoro vya Madrid, chenye maneno yaliyokatwa mikia na majivuno yasiyo na fedha nyuma yake. Yeye ndiye aliyeandika maneno ya La verbena de la Paloma.

Hapa ndipo fundo lenyewe lilipo: maneno hayo hayakuandikiwa Bretón. Aliyepangiwa kuyatungia muziki ni Ruperto Chapí, aliyekuwa akitawala majukwaa ya Madrid wakati huo. Chapí na Bretón walijuana tangu ujana. Mwaka 1872 waligawana tuzo ya kwanza ya utunzi katika chuo cha muziki cha Madrid. Lakini Chapí alikuwa amekorofishana na wasimamizi wa Apolo, na nyuma ya ugomvi huo kulikuwa na suala la nani mwenye mali. Mtunzi wa siku hizo alipomaliza kazi, kwa kawaida aliuza haki zake kwa mchapishaji. Mchapishaji alimiliki karatasi za nota za kila ala, na kila jumba la maonyesho lililotaka kupiga muziki huo lilizikodi kwake. Aliyeshika hifadhi kubwa kuliko wote alikuwa Florencio Fiscowich. Bila karatasi zake, jumba halikuwa na cha kupiga. Chapí alikataa kuendelea na mfumo huo uliompa mtunzi malipo ya mara moja na kumwachia mfanyabiashara faida ya miaka yote.

Msimamo huo ulimgharimu La verbena. Maneno yalimrudia Vega, na Vega akayapeleka kwa Bretón, ambaye hadhi yake ilikuwa ya kumbi za opera na aliyekuwa na maneno makali juu ya michezo ya saa moja. Alikubali, akaandika kwa kasi kubwa. Chapí hakutoka mikono mitupu: mwaka 1899, pamoja na mwandishi Sinesio Delgado, aliongoza kuanzishwa kwa Sociedad de Autores Españoles, chama cha watunzi na waandishi kilichouvunja ukiritimba wa wachapishaji. Kila msanii wa Hispania anayepokea leo mrabaha wa kazi yake anadaiwa shukrani na mtu yule aliyepoteza zarzuela maarufu kuliko zote.

Kisa chenyewe ni chepesi. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, mitaa ya watu wa kawaida ya Madrid husherehekea Bikira wa Paloma, ambaye picha yake inaheshimiwa katika kanisa la mtaa wa Paloma. Joto ni kali, watu wako nje. Julián, kijana mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, amewaka wivu: mpenzi wake Susana ameonekana akiwa ndani ya gari la farasi na mwanamume mwingine. Mwanamume huyo ni Don Hilarión, mfamasia mzee mwenye fedha, anayeamini kwamba Susana na dada yake Casta wanagombea kupendwa naye. Dada hao wanaishi na shangazi yao Antonia, mwanamke wa sauti ya kukwaruza asiyeona haya kula vya mzee. Julián anawafumania, vurugu inazuka, polisi wanafika, na mwishowe vijana wanapatana.

Mpanga herufi si kazi iliyookotwa tu. Wapanga herufi wa Madrid walikuwa wafanyakazi waliosoma, waliojivunia ufundi wao na waliojipanga kisiasa kabla ya wengine. Pablo Iglesias, aliyeanzisha chama cha kisoshalisti cha Hispania mwaka 1879, alikuwa mmoja wao. Mtazamaji wa Apolo alimjua kijana wa namna ya Julián: vidole vyenye wino, kichwa chenye mawazo, mfuko mtupu. Kwa hiyo Julián anapoimba kwamba watu wa kawaida nao wana moyo wao mdogo, wana machozi machoni na wivu usiozuilika vizuri, ukumbi haukusikia maneno ya mapenzi peke yake. Mbele yake kuna mzee anayeweza kununua alichokosa kwa mvuto. Vega hatoi hotuba yoyote. Anaiacha tofauti hiyo ya fedha iseme kupitia gari la farasi na zawadi.

Sasa muziki, maana hapo ndipo Bretón alipowapita wenzake wote wa awamu za saa moja. Desturi ilikuwa kuandika nyimbo tano au sita zenye mahadhi ya kushika, zilizotenganishwa na mazungumzo, ili watu watoke wakizipiga mluzi. Bretón alifungua kwa onyesho moja refu lisilokatika. Pazia linapanda, na hatua chache kutoka sehemu moja hadi nyingine tunaona duka la dawa, kilabu cha mvinyo na mlango wa nyumba ya wapangaji. Don Hilarión na rafiki yake Don Sebastián wanalalamikia joto na kujadili dawa za kuharisha. Mafuta ya nyonyo, wanaambiana, siku hizi yanamezeka vizuri tu, sayansi imepiga hatua ajabu. Kwenye kilabu wanaume wanacheza karata. Julián anamweleza Señá Rita, mke wa mwenye kilabu anayemjali kama mwanawe, uchungu wake. Vijana wanapita wakiimba juu ya Bikira wa Paloma. Kila kundi lina muziki wake, na okestra inatuhamisha kutoka kundi hadi kundi kama mtu anayetembea mtaani na kusikiliza. Huo ni ujenzi wa opera hasa, ila mfalme na binti mfalme hawamo. Humo mna mafuta ya nyonyo.

Sehemu ya pili inanivutia zaidi. Usiku umeingia. Kutoka ndani ya mkahawa anasikika mwimbaji wa flamenko akiimba soleá, wimbo wa huzuni wa flamenko, kwa piano, na shangazi Antonia anampigia kelele za kumsifu. Walinzi wa usiku wanapita, wanateta juu ya siasa na halmashauri ya jiji, kisha wanaendelea na zamu. Bretón hauharakishi usiku huo. Anaiacha soleá ijae, kwa upole na huzuni, katikati ya kichekesho, halafu anakikusanya kichekesho chote na kukitupa kwenye ule wimbo ambao hata asiyejua zarzuela anaujua: «¿Dónde vas con mantón de Manila?» Unaenda wapi na shali hiyo ya Manila, Julián anamuuliza Susana, unaenda wapi na vazi hilo la kitambaa cha rangi-rangi? Kujionyesha, anamjibu, kuiona sikukuu, halafu kwenda kulala.

Msomaji aliyekulia pwani, anayejua kwamba kanga inaweza kuanzisha ugomvi wa mtaa kabla mvaaji hajafungua mdomo, atauelewa wimbo huu upesi. Shali hizo za hariri zilitariziwa China, zikapitia Manila, zikavuka bahari mbili hadi Hispania, na mwanamke wa kawaida alivaa ya kwake siku ya sikukuu pekee. Susana amevaa yake, na Julián hajui imevaliwa kwa ajili ya nani. Mdundo ni wa habanera uliotoka Cuba. Mwaka ule wa 1894 Cuba na Ufilipino zilikuwa bado makoloni ya Hispania. Miaka minne baadaye zote zilipotea. Himaya nzima imo katika swali la kijana mwenye wivu, na hakuna jukwaani anayeliona hilo, kwa sababu kwao ni mavazi na ngoma za kila siku. Bretón anaanza habanera hiyo kwa sauti mbili zinazogombana kwa adabu, kisha anaongeza Rita, Casta na shangazi, mpaka wote wanaimba kwa pamoja kila mmoja na lake. Katikati ya vuta nikuvute Rita anamrudisha Julián kwa maneno ambayo watu wa Madrid wangali wakiyatumia kumtuliza mwenye hasira: Julián, kumbuka una mama.

Waliocheza usiku wa kwanza hawakuwa waimbaji wa opera. Julián alikuwa Emilio Mesejo, mwigizaji mwenye sauti ya kutosha kuimba. Susana alikuwa Luisa Campos. Rita alikuwa Leocadia Alba, mmoja wa waigizaji wakubwa wa Hispania wa zama zake. Jambo hili limezaa mabishano yasiyokwisha, kwani Bretón alimwandikia Mesejo mahali ambapo sauti yake ilifika, na nafasi hiyo haiko wazi kama ni ya baritoni (sauti ya kiume ya kati) au ya tenori (ya juu). Zote mbili zimeimba. Katika rekodi iliyofanywa na kondakta Antoni Ros-Marbà miaka ya 1990, Julián ni Plácido Domingo, ambaye wazazi wake walikuwa waimbaji wa zarzuela na walimkuza Mexico ndani ya kampuni yao ya maonyesho. Anaimba vizuri mno, na María Bayo naye ni Susana wa kupendeza. Hata hivyo naamini sauti kubwa humpunguzia Julián kitu. Kijana huyu hana silaha. Nguvu zikijaa kooni mwake, mfamasia hashindi tena hata kwa fedha, na mvutano unalegea.

Baada ya Apolo kazi hii ilisambaa kwa kasi. Majimbo ya Hispania yaliipokea mara moja, na Buenos Aires, mji uliokuwa ukijaa wahamiaji, iliichezea kwenye kumbi kadhaa kwa wakati mmoja. Bretón mwenyewe aliendelea na vita vyake vya opera, na mwaka 1895 La Dolores ikampa ushindi wa kweli katika njia aliyoipenda. Wenzake waliufuata mlango aliowafungulia: mwaka 1897 peke yake Apolo ilizindua Agua, azucarillos y aguardiente ya Chueca, na La revoltosa ya Chapí, ambaye kwa wakati huo alikuwa amerudi. Hapo aina ndogo ilifika kileleni. Kisha sinema ikaja ikiuza burudani ya bei nafuu zaidi, mitindo ikabadilika, na tarehe 30 Juni 1929 Apolo ikafunga milango. Jengo lilibomolewa, na benki ikachukua mahali pake kwenye barabara ya Alcalá.

Sinema iliyoua mfumo wa maonyesho kwa saa ndiyo iliyoibeba La verbena mbele. José Buchs aliigeuza filamu mwaka 1921, wakati filamu zikiwa bubu na muziki ukipigwa ukumbini. Mwaka 1935 Benito Perojo akatengeneza nyingine yenye sauti, akijenga upya studioni mitaa ya Madrid ya miaka ya 1890, na Miguel Ligero akamwigiza Don Hilarión kwa namna ambayo wengi wameiiga. Ni filamu yenye wepesi na akili, inayoufuata muziki badala ya kusimama mbele yake. Miezi michache baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza. Ligero alirudi kwenye duka lile la dawa mwaka 1963, katika filamu ya José Luis Sáenz de Heredia, safari hii akiwa na umri unaokaribia wa mhusika.

Chini ya utawala wa dikteta Franco zarzuela ilipewa kazi ya kupamba. Mashali, shanga za masikio, mikarafuu nyweleni, Madrid ya furaha isiyo na njaa. Maonyesho mengi ya wakati huo, na mengi yaliyofuata, yaliigeuza La verbena kadi ya posta, na kizazi kizima cha vijana wa Hispania kikaiacha kwa wazazi wao. Siwalaumu. Lakini kosa halikuwa la Vega wala Bretón. Wanaoiongoza vizuri leo humrudishia Julián kazi yake na Susana hoja yake. Susana huyu hajamwahidi mzee chochote. Ametoka kutembea kwa sababu amechoka kushukiwa na kijana anayetaka kujua aliko kila dakika, na muziki wake katika habanera ni wa mtu aliyeudhika, si wa aliyefumaniwa. Ukiiongoza hivyo, kupatana kwao mwishoni si kitu cha bure tena. Inabidi Julián akubali jambo fulani kwanza.

Limebaki tatizo moja la kivitendo ambalo kila jumba hukutana nalo. Awamu za saa moja zimekufa, na mtazamaji wa leo hatoki nyumbani kwa mchezo wa dakika sabini. Kwa hiyo baadhi ya waongozaji huiunganisha na zarzuela nyingine fupi, La revoltosa mara nyingi, na wengine huirefusha kwa kupachika nyimbo na ngoma kutoka kwingine. Njia ya kwanza ina mantiki, kwa kuwa ndivyo wenye fedha walivyonunua awamu mbili mfululizo pale Apolo. Ya pili huiharibu kabisa: ule mtiririko wa onyesho la kwanza, duka hadi kilabu hadi mlangoni, hauna mshono unaoweza kufumuliwa ili kupitisha ngoma ya ziada. Kwa sababu hiyohiyo, anayetaka kuisikia kwa mara ya kwanza aachane na mikusanyo inayoanza na habanera. Aanze na utangulizi wa okestra, awasikilize wale wazee wawili na mafuta yao ya nyonyo, asiruke kitu hadi vijana wapite wakimwimba Bikira wa Paloma.